Kwa nini mchoro wa penseli ulioachwa njiani hugusa kuliko uliokamilika?

Swali la msomaji: "Mwalimu, shikamoo. Huu ni mwaka wangu wa tatu nikichora kwa penseli mambo ya kila siku: watu kwenye foleni, mtu aliyesinzia kitini, watoto wakicheza. Mwezi uliopita nilimchora bibi yangu akitunga uzi kwenye sindano. Aliponyanyuka kuondoka nilikuwa nimeshapata mikono na sehemu ya uso. Bega na nguo vilikuwa mistari miwili mitatu tu. Nikaupiga picha kwa simu. Usiku nikaukamilisha: nikatia vivuli, nikaongeza kiti, dirisha na pazia. Sasa kila ninayemwonyesha anasema ule wa kwanza ulikuwa hai na huu umekufa. Mjomba ananiambia nisidanganyike, haraka haraka haina baraka, na kuacha kazi nusu ni uvivu. Nimsikilize nani? Na nitajuaje pa kuishia?"

Marahaba, mwanangu.

Waliokuambia kwamba mchoro wa kwanza ulikuwa hai wameona sawasawa, usibishane nao. Ila wamekutajia dalili, chanzo hawajakitaja. Mikono ya bibi yako uliichora huku ukiitazama. Pazia ulilichora bibi akiwa amekwisha kulala. Karatasi hiyo moja imebeba mistari ya aina mbili: iliyotoka machoni, na iliyotoka kwenye ujuzi wako wa jinsi mapazia yanavyokuwa. Mtu asiyewahi kuchora maishani hawezi kukueleza tofauti hiyo kwa maneno, lakini anaihisi papo hapo, kama vile unavyosikia katika sauti ya mtu anayekusimulia tukio kwamba alikuwepo au alisimuliwa.

Jambo hili limewashughulisha watu tangu zamani sana. Pliny, mwandishi wa Roma aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika kwamba kazi za mwisho za wachoraji wakubwa, zile walizofariki kabla ya kuzimaliza, zilisifiwa kuliko zile walizozikamilisha. Miongoni mwa alizozitaja ni picha mbili za wachoraji wa Kigiriki: Venus ya Apelles na Medea ya Timomachus. Alieleza kwamba katika kazi hizo mistari ya mwanzo bado inaonekana, na ndani ya mistari hiyo mtu anayaona mawazo yenyewe ya mchoraji. Akaongeza sababu nyingine, majonzi: tunausikitikia mkono uliokatizwa ungali kazini. Mwaka 2016 jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lilifungua tawi lake la Met Breuer kwa maonyesho makubwa ya kazi zisizokamilika, na wazo lililoyabeba lilikuwa hilo hilo la Pliny, fikra zilizoachwa zikionekana.

Fikra zinaonekanaje kwenye karatasi? Kwa mpangilio. Katika kazi iliyokamilika tabaka la juu limefunika la chini, na mtazamaji hawezi tena kujua kipi kilitangulia. Katika mchoro ulioachwa njiani kila kitu bado kiko wazi. Kwa jinsi ulivyonieleza, naweza kukisia safari yako: ulianza na kidole gumba na cha shahada vilivyobana uzi, ukapanda kwenye macho yaliyofinywa, kisha ukakimbilia bega bibi alipoanza kunyanyuka. Mkazo wa penseli unapungua njia nzima. Kwa hiyo mtazamaji haoni tu bibi anayetunga uzi. Anaona pia mjukuu akimtazama bibi yake, anaona kilichomvuta kwanza, na anaona muda ukimwishia. Uliposawazisha kila kitu usiku, ulimfuta huyo mjukuu.

Hapa naomba uniruhusu nikae kidogo kwenye jicho lenyewe, kwa sababu wanafunzi wengi wanadhani mchoro usiokamilika ni picha iliyopungukiwa na kitu ambacho jicho lilikiona. Jicho halikukiona. Sehemu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inayoona kwa ukali kabisa ni ndogo mno. Nyoosha mkono mbele yako uangalie ukucha wa kidole gumba: eneo linalolingana na ukucha huo ndilo pekee unaloliona kwa undani kamili kwa wakati mmoja. Kote kwingine ni ukungu wa maumbo, mwanga na mwendo. Tunadhani tunaona chumba kizima kwa sababu macho hurukaruka, kiasi cha mara tatu kwa sekunde, na ubongo huziunganisha hizo ruka zote ziwe chumba. Ulipomtazama bibi akihangaika na tundu la sindano, macho yako yalikuwa yamerudi hapo mara mia. Pazia huenda hayakulifikia hata mara moja. Mchoro wenye vidole vilivyokolea na pazia lisilokuwepo ndio uliokuwa mwaminifu kwa kuona kwako. Kamera ya simu haina mpangilio huo, inampa pazia haki sawa na vidole, na ndiyo sababu michoro inayonakiliwa kutoka kwenye picha za simu hutoka imechoka hata mkono ukiwa hodari.

Na mstari je? Duniani vitu havina mistari pembeni mwao. Ukiangalia shavu la mtu hutaona waya umelizunguka. Lakini ubongo una mazoea ya kutafuta kingo. David Hubel na Torsten Wiesel, watafiti waliopata tuzo ya Nobel mwaka 1981, walionyesha kwamba seli nyingi za sehemu ya ubongo inayopokea habari za macho huamka zinapokutana na ukingo au mstari ulioelekea upande fulani. Na mwaka 1962 wanasaikolojia Julian Hochberg na Virginia Brooks walichapisha utafiti wa mtoto mmoja aliyelelewa hadi karibu miezi 19 akikingwa na picha kadiri ilivyowezekana, bila kufundishwa kamwe kwamba picha inasimama badala ya kitu. Walipomwonyesha michoro ya mistari mitupu ya vitu alivyovifahamu, alivitambua. Kwa hiyo mstari mmoja mwembamba unaopita mahali pake, kwa mfano mteremko wa bega lililochoka, unaingia kwa mtazamaji bila kubisha hodi.

Sehemu nyeupe nayo inafanya kazi. Mwaka 1955 mwanasaikolojia wa Italia, Gaetano Kanizsa, alichora duara tatu nyeusi, kila moja imemegwa kipande, na kati yake watu wanaona pembetatu nyeupe ambayo haikuchorwa popote. Tena wanaiona nyeupe kuliko karatasi inayoizunguka. Rudi kwenye bega la bibi: mistari yako miwili ilitosha kuigeuza karatasi iliyo katikati yake kuwa kitambaa. Karatasi ile ile, nje ya mistari, ilikuwa hewa. Ulipoijaza vivuli ulimpokonya mtazamaji kitambaa alichokuwa amekishona mwenyewe.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuhitaji kuambiwa mara mbili jambo hili. Mtu akikuambia "haba na haba" akanyamaza, kinywa chako kinamalizia chenyewe, na ukishamalizia, methali hiyo imekuwa yako pia. Mtega kitendawili anayetoa jibu pamoja na swali ameua mchezo. Nusu inayoachwa lakini lazima iwe ile ambayo msikilizaji anaweza kuifikia. Ukimwachia nusu asiyoifahamu kabisa, hujamshirikisha, umemtupa. Nitarudi kwenye hilo nikifika kwa mjomba.

Kuna sababu pia kwa nini penseli inabeba mambo haya vizuri kuliko vifaa vingine. Madini yake, grafaiti, yalipatikana kwa wingi huko Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, katika karne ya 16, na watu wakadhani ni aina ya madini ya risasi. Ndiyo maana hadi leo kuna wanaoiita kalamu ya risasi ingawa ndani yake hamna risasi yoyote. Mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté, nchi yake ikiwa vitani na Waingereza na haipati grafaiti nzuri, alichanganya unga wa grafaiti na udongo wa mfinyanzi na kuuchoma. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na rangi yake hafifu. Ukipungua, inakuwa laini na nyeusi. Herufi H na B zilizoandikwa kwenye penseli zako zinapima ugumu na weusi huo. Faida kubwa kwa mchoraji ni kwamba penseli moja laini hupita kutoka weusi mzito hadi kivuli kisichoonekana kwa kubadili mkandamizo wa kidole tu. Wino hauwezi: ama upo ama haupo. Mkaa unaweza, lakini unachafuka na kudai eneo kubwa.

Kutokana na hilo, mstari wa penseli unaweza kufifia. Nataka ulitazame hili kwa makini, maana ndilo ninaloliona likipuuzwa zaidi na wanafunzi. Mstari una miisho ya namna mbili. Kuna uliokatika, ambao unakoma ghafla na weusi wake wote, na huo unaliambia jicho lisimame. Na kuna uliofifia, ambao mkono umeinuka polepole huku ukiendelea na mwendo wake, na huo unaliambia jicho liendelee kwenda. Mgongo wa mtu aliyeinama ukififia kuelekea kiunoni, mtazamaji anashuka nao hadi chini bila wewe kuchora kiuno. Ukikatika, anaona mtu aliyekatwa. Michoro mingi ambayo watu wanasema "haijakamilika" kwa lawama ina miisho iliyokatika. Michoro ambayo wanasema neno hilo hilo kwa mapenzi ina miisho iliyofifia. Chukua michoro yako kumi ya zamani uangalie miisho tu. Utajifunza kuliko kwa kunisoma mimi.

Wakubwa walilijua hili na kulitumia kwa makusudi. Mchoraji Mfaransa Jean-Auguste-Dominique Ingres, alipokuwa Roma mwanzoni mwa karne ya 19, alipata sehemu ya riziki yake kwa kuwachora wageni kwa penseli. Ukikutana na michoro hiyo utashangaa: uso umetengenezwa taratibu, kila kope na kila kivuli cha mdomo kimepimwa, kisha chini ya kola nguo zinageuka kuwa mistari michache inayoteleza. Hakuna aliyewahi kumshtaki Ingres kwa uvivu. Aliamua macho ya mtazamaji yakae wapi.

Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia, aliwashauri wachoraji watembee na kijitabu kidogo na kuwanasa watu wakiongea, wakigombana, wakicheka, kwa mistari mifupi, na maumbo yasipewe umalizio mapema. Ipo michoro yake ya wino, ya miaka ya 1478 hadi 1481 hivi, katika Jumba la Makumbusho la Uingereza jijini London, ya mtoto aliyemkumbatia paka anayetaka kujinasua. Ni Bikira Maria na Mwana, lakini mtu yeyote aliyewahi kumwona mtoto mdogo na paka anaitambua purukushani hiyo. Mikao imechorwa mmoja juu ya mwingine hadi baadhi ya mistari haisomeki, na kwa kuwa Leonardo hakuchagua mkao mmoja akafuta mingine, paka bado anajinasua mpaka leo.

Katika jumba hilo hilo kuna mchoro wa Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, wa chaki nyekundu, wa katikati ya miaka ya 1630: wanawake wawili, mmoja kijana na mmoja mzee, wanamfundisha mtoto kutembea. Ni kikaratasi kidogo. Mistari ni michache kiasi kwamba ungeweza kuihesabu, na hata hivyo unajua nani kati ya wale wanawake mgongo wake hauinami tena kwa urahisi. Hakuna chumba nyuma yao wala sakafu. Mtoto anayejifunza kutembea hajui habari za chumba. Dunia yake ni mikono miwili iliyomshika na hatua iliyo mbele. Mwandishi Arnold Houbraken aliripoti mwaka 1718 kwamba Rembrandt alikuwa akisema kazi imekamilika pale mwenye kazi anapokuwa ametimiza nia yake. Ningependa ulibandike neno hilo mahali unapochorea, lakini soma vizuri: linadai uwe na nia kwanza.

Mwingine wa kumtafuta ni Adolph Menzel wa Berlin, aliyeishi 1815 hadi 1905. Alitembea na vijitabu vya michoro mifukoni, akachora kwa mkono wa kulia na wa kushoto, na hakuna kitu kilichokuwa duni machoni pake. Karibu mwaka 1845 alichora kwa chaki nyeusi kitanda ambacho hakijatandikwa. Mito imebonyea, shuka zimejikunja, mtu hayupo. Mimi huwaonyesha wanafunzi mchoro huo wanapolalamika kwamba hawana cha kuchora, na pia kwa sababu unaonyesha kwamba umalizio si adui. Menzel alizifuata zile mikunjo mbali sana, mbali kuliko unavyodhani penseli au chaki inaweza kwenda, na kitanda bado kina joto la aliyelala. Kilimngoja. Bibi yako hakukungoja, na hiyo ndiyo tofauti.

Nina kisa changu kinachohusu hilo. Nilipokuwa mwanafunzi nilimchora mzee mmoja aliyelala kwenye benchi, dakika kama kumi, kabla hajaamka na kwenda zake. Kichwa kilikuwa kimeangukia kifuani, mikono imelegea, miguu nilikuwa nimeigusia tu. Niliupenda mchoro ule kiasi cha kuutumikia wiki tatu. Viatu sikuvikumbuka, kwa hiyo nikaweka vyangu mezani nikavichora, kamba kwa kamba, vizuri kweli. Mwenzangu darasani akauangalia kwa muda, akauliza: "Hivi viatu ni vya nani?" Hakujua nimefanya nini. Aliona tu kwamba viatu vile havikuwa vimelala. Kiatu cha mtu aliyelala kina uzito wake, kimeangukia upande, kisigino kimeachia. Kiatu kilichowekwa mezani kimesimama wima kusubiri kuvaliwa. Sikuwahi tena kuongeza kwenye mchoro kitu ambacho hakikuwepo nilipokuwa nikitazama.

Sasa mjomba wako. Usimpuuze, kwa sababu uvivu anaousema upo, nami nauona kila juma. Mchoro wa kivivu unatambulika kwa jambo moja: kila kitu ndani yake ni nusu. Uso nusu, mikono nusu, kiti nusu, kwa kiwango kile kile. Hakuna mahali mchoraji alipoamua. Mchoro uliosimama mahali pake una angalau sehemu moja iliyofuatwa hadi mwisho, hata kama ni ukubwa wa sarafu, na nusu zilizobaki zinaielekea sehemu hiyo. Mchoro wako ulikuwa na vidole. Ungekuwa na vidole nusu pia, ningekaa upande wa mjomba. Hiyo ndiyo maana ya nusu ambayo msikilizaji anaweza kuifikia: mpe kidole kamili, bega atalileta mwenyewe.

Kuna ubaya mwingine ambao mjomba hakuutaja na mimi nauogopa zaidi. Mtu akishasifiwa kwa michoro iliyoachwa njiani huanza kuitengeneza. Mistari inarushwa kwa madaha, mikia ya mistari inafifia kwa utaratibu ule ule, nafasi nyeupe inawekwa pale panapopendeza. Hapo kuacha kumekuwa pambo, na mtazamaji anapewa dalili za kuona bila kuona kwenyewe. Ukijikuta unajua utaishia wapi kabla hujaanza, chora kitu kingine, au chora hicho hicho kwa mkono usiouzoea. Na kosa la uwiano halisameheki kwa sababu mchoro haujakamilika; kichwa kikiwa kikubwa mno, mistari minne itaonyesha hivyo waziwazi kuliko mia nne.

Kuhusu ile methali yake, mwambie kwa heshima kwamba muda mfupi na haraka ni vitu viwili. Unaweza kuwa na dakika tatu na usiwe na haraka hata kidogo. Chora mstari mmoja kwa mwendo wa macho yako yanayotambaa juu ya kiganja, usiinue mkono mpaka macho yafike, na dakika tatu zitakuwa zimejaa utulivu. Haraka ni kutaka kufika kwenye mstari wa pili kabla ya kuumaliza wa kwanza, na mtu anaweza kuwa nayo kwa wiki tatu mfululizo, kama mimi na vile viatu.

Uliuliza pa kuishia. Naanzia na pa kuanzia, maana hilo huamua nusu ya jibu. Usianze na umbo la nje la mtu mzima, kama tulivyofundishwa wengi wetu. Unapochora mtu ambaye anaweza kuondoka wakati wowote, anza pale vitu viwili vinapogusana: kidole na uzi, shavu na kiganja, nyonga na ukingo wa kiti. Kwenye mgusano ndiko uzito unakokaa, na kwenye uzito ndiko hali ya mtu inakoonekana. Ukishaupata mgusano mmoja kwa usahihi, mtu akiondoka sekunde hiyo hiyo, bado unacho kitu. Ukianza na umbo la nje akaondoka, umebaki na ganda.

Kisha endelea kwa sharti moja: macho yakae kwa unayemchora zaidi ya yanavyokaa kwenye karatasi. Siku utakapogundua kwamba umechora mistari mitano bila kuinua kichwa, ile minne ya mwisho ni ya kwako mwenyewe, haikutoka kwake. Hapo ndipo pa kuishia. Dalili nyingine ni pale unapoanza kutaja vitu kichwani kwa majina yao, "hapa kuna kifungo, basi nichore kifungo." Ukishakuwa na jina umeacha kuangalia. Na ukiona penseli inavutwa kwenye pembe za karatasi kwa sababu tu ni tupu, iweke chini kabisa, hata usiishike mkononi; mkono wenye penseli hutafuta kazi.

Mtu akiondoka kabla hujamaliza, usikimbilie kumbukumbu. Andika maneno. Pembeni mwa mchoro andika mwanga ulitoka upande gani, nguo ilikuwa nzito au nyepesi, alikuwa ananong'ona nini. Wachoraji wameandika hivyo kwenye michoro yao kwa karne nyingi. Maneno hayo yatakusaidia ukitaka baadaye kutengeneza kazi nyingine iliyokamilika, kwenye karatasi nyingine, kwa vikao vingi, huku huu wa kwanza ukikaa mbele yako bila kuguswa. Umalizio wa namna hiyo nauheshimu sana. Unadai urudi kwa mtu yule yule, saa ile ile mwanga unapoingia vile vile, siku baada ya siku. Vivuli vitakuja vikiwa vimetazamwa.

Na wakati mwingine mtu hatarudi. Mwaka 1965, New York, mchoraji Alice Neel alianza kumchora kijana aitwaye James Hunter aliyekuwa ameitwa jeshini, wakati wa vita vya Vietnam. Kikao cha kwanza alipata kichwa na mkono vikiwa na rangi yake. Mwili ulibaki mistari juu ya turubai tupu. Kijana hakuja kikao cha pili. Neel aliitia picha ile saini na kuihesabu imekamilika. Ni rangi ya mafuta, penseli haihusiki, lakini kila ninapoiona nafikiria ni nini kingepotea kama angemtafuta mtu mwingine akae kitini ili apate kuijaza shati.

Mchoro wa bibi usiufute. Raba itanyanyua mistari ya usiku pamoja na ile ya mchana, na karatasi itabaki na doa lisilopokea tena penseli vizuri. Chukua karatasi nyeupe, ikate vipande, uvilaze juu ya pazia, dirisha na kiti mpaka vimefichika, kisha usogeze vipande polepole kuelekea vidole. Mahali fulani utaona mchoro unapumua tena. Mwite mjomba aone kwa macho yake, na umwachie yeye avisogeze.

Kisha muombe bibi atunge uzi tena, mara kumi kama ana subira, wewe ukiwa na penseli moja ya 2B na kijitabu. Mara nyingi atakosa tundu, atautoa uzi, ataulowesha kwa midomo na kuusokota ncha. Hapo mikono inakaa juu, karibu na uso, kwa sekunde nne au tano. Anzia hapo.